Koo Lililopakwa Mawese

Katika kazi zote nilizofanya, iliyonikaa mwilini ni ya kupaka grisi. Nilianza kwenye reli ya kwenda Kabalo, nikaendelea kwenye meli za ziwani, na hata nilipoacha mashine nikaenda kuchunga ng'ombe kule Pepa, nikachimba madini Manono, nikauza samaki wakavu Nyunzu, mikono yangu bado ilikuwa inatafuta kitu kinacholia ikinyamazishe. Mlango ukilia, napaka. Baiskeli ya jirani ikilia, napaka bila kuombwa, kisha jirani ananitukana kwa sababu suruali yake ya kanisani imechafuka.

Shule nilisoma vipande vipande. Kidogo kwa mapadri, kidogo kwa Waprotestanti, kidogo kwa mwalimu mmoja wa Mpulungu aliyefundisha kwa Kiingereza, lugha ambayo mimi sikuijua na yeye, nadhani, aliijua siku za mshahara tu. Kwa hiyo nikitaka kuelewa jambo lolote la dunia hii, kwanza naligeuza kuwa mashine. Njia hiyo imenisaidia mara nyingi. Mara moja nusura iniue, na hiyo ndiyo nataka kuisimulia.

Ulikuwa wakati wa Zaire bado, tunaitana Sitoyen, yaani raia, tunavaa makoti ya abakosti yaliyofungwa mpaka shingoni katika joto la ziwa. Kwenye karatasi nilikuwa Ilunga tu na jina la babu. Jina langu la ubatizo, Bonaventure, lilikuwa limekatazwa maofisini, lakini dada yangu Pélagie hakupata kusikia habari hiyo, au aliisikia akaona haimhusu. Nilikuwa nimerudi Kalemie kwa sababu binti yangu, Florentine, alikuwa anaolewa. Pélagie ndiye aliyemlea. Mimi nilikuwa natuma salamu.

Nilirudi na kilo chache za samaki, redio isiyosema, na ngiri juu ya kitovu yenye ukubwa wa yai la bata. Yai hilo nilikuwa nalo tangu Manono, tumezoeana. Lakini wiki niliyofika, nikiwa nawasaidia watu kushusha magunia bandarini bila kuombwa, likajibana. Nilianguka juu ya gunia la chumvi nikalia kama mbuzi. Lilirudi ndani lenyewe, ila daktari alipoligusa alikunja uso akasema likijibana tena huenda lisirudi, na hapo hatakuwa na la kunisaidia. Nipasuliwe haraka. Nikamwomba tungoje mpaka mahari ipite. Pélagie, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema hapana: hataki harusi na matanga katika uwanja mmoja, viti vyenyewe vya kuazima.

Sasa lazima nieleze desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo hofu yangu haieleweki.

Kwetu, siku ya mahari, vitu vyote vikishawekwa chini na wasemaji wakishachoka kusema, kijana anampa binti kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Binti anakipeleka kwa baba yake, anapiga magoti. Baba anauliza, kwa sauti inayofika barabarani, neno moja: "Tunywe?" Binti akijibu kunyweni, mambo yamekwisha, watu wanacheza. Akinyamaza, vitu vinafungwa tena na wageni wanatafuta njia. Na neno hilo haliazimwi. Baba akiwa hai, anauliza kwa mdomo wake. Akiuliza baba mdogo, maana yake baba ni marehemu, au binti hana wa kumwita baba, na wakwe wanaandika hivyo vichwani mwao mpaka wajukuu.

Upande wa kijana walikuwa watu wa Kabimba, kwenye kiwanda cha saruji. Kijana mwenyewe, Basile, alikuwa mpole, hana neno. Mwenye maneno alikuwa mjomba wake, Papa Valère, msemaji wao, ambaye alishaambiwa na watu kwamba mimi nilikufa. Sikumlaumu. Kuna miaka hata mimi sikuwa na hakika. Mdogo wangu Michel, katekista, alikuwa tayari ameandaliwa kuuliza badala yangu, na kusema kweli alishaanza kufanya mazoezi.

Florentine aliniambia siku ile ile niliyofika, kabla sijafungua mzigo: "Papa, utauliza wewe. Sitaki kuulizwa na muntu mwingine."

Basi. Kumbe huyo Michel naye alikuwa amepasuliwa mwaka uliotangulia, na ndiye aliyenitia hofu. Alinieleza kwamba ukilazwa usingizi wa upasuaji, wanakuingiza mpira kooni ili upumue, na ukiamka mpira wameshautoa lakini koo linabaki kama limesuguliwa kwa mchanga. Yeye alikwaruza zaidi ya wiki. Alisimama Jumapili kusoma somo, ikatoka sauti ya chura, watoto wa kwaya wakalazimika kutolewa nje. Alinieleza hayo kwa huruma, huku akiifunga na kuifungua kola ya abakosti yake mpya, ile ya kuulizia.

Nikahesabu kichwani. Upasuaji, halafu zaidi ya wiki ya chura, halafu mahari. Haikuingia. Nikaenda hospitali kumtafuta huyo mwenye mpira.

Alikuwa mwanamke, muuguzi wa usingizi, Mama Émérence, mnene, mtulivu, mwenye mikono ya kukanda unga. Nilimkuta anakausha mipira yake myekundu mmoja mmoja kwa kitambaa, akiitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia mimi nataka kupasuliwa tumbo lakini koo langu naliomba lilivyo. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Alisema watu wengi hawaulizi, wanakuja kulalamika baadaye.

Akanionyesha. Mpira unapita mahali pembamba, na kwenye ncha una kibofu kidogo cha hewa cha kuziba pembeni. Kibofu kikijazwa kupita kiasi, kinabana nyama za koo muda wote uliolala, na hapo ndipo kidonda kinapoanzia. Kwa mtu anayehitaji sauti yake atachagua mpira mwembamba, ataulowesha kwa dawa ya kuteleza, ataupitisha bila kulazimisha, na hewa ya kibofu ataitia kidogo kidogo huku akisikiliza mpaka itoshe kuziba, si zaidi. Hiyo ndiyo kazi yake. Kazi yangu mimi ilikuwa kuacha tumbaku tangu siku ile, kusukutua koo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kuja na tumbo tupu kabisa, na nikiamka, kufunga mdomo. Nisipige kelele, nisinong'one hata kunong'ona, maana kunong'ona nako kunachosha koo. Ninywe maji kwa kijiko, na ninyamaze siku chache.

"Hayo maji ya chumvi unayatema, Papa. Humezi kitu. Umesikia?"

Nilisikia. Hakuna aliyewahi kusema mimi ni kiziwi. Shida ni kwamba nilipofika kwenye neno kuteleza, kichwa changu kiliondoka pale dirishani kikarudi kwenye meli. Mwanamke huyu atapaka mpira. Vizuri. Na bomba lenyewe nani atalipaka? Pistoni haipakwi peke yake ukaiachia silinda kavu. Fundi anayefanya hivyo anafukuzwa, na mimi nimeona akifukuzwa. Huyu mama ni mtaalamu wa usingizi, nikajiambia, lakini kwenye reli hakufika. Niliondoka pale nikimwonea huruma kidogo.

Tumbaku niliacha kweli. Chumvi nilisukutua kweli, asubuhi na jioni, uani kwa Pélagie, mpaka kuku wakawa wanakimbia wakiniona na kikombe. Na asubuhi ya upasuaji, Pélagie akiwa amekwenda kuchota maji, nilichukua mawese mazuri, mekundu, yaliyotoka Nyunzu, nikayapasha moto kidogo yawe mepesi, nikainua kichwa kama mtu anayenyoa shingo, nikayamimina yote, kikombe kizima. Yalishuka polepole. Niliyasikia yakipaka kila mahali, kulia na kushoto, na nikajisikia fahari ile ya zamani ya mashine iliyo tayari kwa safari. Nikafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Nikaenda hospitali kwa miguu, nikisalimia watu.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nikiwa nimeshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilikuwa linalia, Mama Émérence aliniuliza kama nimekula. Nikasema sikula. Akaniuliza kama nimekunywa maji. Nikasema hata tone. Yote mawili yalikuwa kweli, na nilishangaa kuona ananitazama mdomo. Akapitisha kidole gumba pembeni mwa midomo yangu, akakiangalia, akakinusa.

"Hii nini?"

"Grisi, Mama."

Akabaki amekiinua kidole, akingoja. Kwa hiyo nikamweleza. Nilitumia mikono: huu mkono pistoni, huu silinda. Daktari, aliyekuwa ameshavaa glavu na ameziinua juu kama padri, alikuja kusikiliza, na baada ya muda kitambaa chake cha mdomoni kikaanza kutikisika. Mama Émérence hakutikisika.

"Papa," alisema, "ukilala usingizi wangu, tumbo nalo linalala. Linaacha mulango wazi. Hayo mafuta yanapanda, yanaingia ku mapafu. Hapo koo haitakuuma. Hakuna kitu kitakuuma tena."

Alisema polepole, kama anayemwambia mtu bei. Kisha akageuza kitanda yeye mwenyewe, kikaenda kikilia mpaka nje.

Upasuaji ulisogezwa mpaka Jumatatu iliyofuata, yaani wiki ile ile ya mahari. Lakini adhabu haikungoja Jumatatu. Kikombe kizima cha mawese juu ya tumbo tupu kina kazi nyingine zaidi ya kulainisha koo. Kutoka geti la hospitali mpaka kwa Pélagie ni mwendo mfupi kwa mtu mwingine yeyote. Mimi nilibisha hodi kwenye vyoo vya watu ambao hatujawahi kufahamiana, na mpaka leo wapo wanaonisalimia kwa jina kwa sababu ya siku ile.

Pélagie alitaka mahari iahirishwe. Haikuwezekana. Watu wa Kabimba walishatuma habari kwamba wamepata lori la Jumamosi, na wakiahirishiwa watasema kumbe ni kweli, baba ni marehemu, wanatafuta wa kumvalisha nguo zake. Pélagie alinieleza hilo akiwa nje ya choo, mimi ndani.

Florentine alikuja jioni. Ningependa angekasirika, hasira ya wanawake wa kwetu naifahamu, unakaa kimya inapita. Alikaa kwenye kigoda akawa anachambua mchele, kokoto huku, mchele huku.

"Papa, kama hutaki kuuliza, sema sasa. Papa Michel yuko tayari."

Nikamwambia nitauliza. Akaendelea kuchambua. Nikamwambia tena. Akasema, sawa, Papa, kwa sauti ya mtu aliyeshasikia meli ikitangazwa kufika mara nyingi na hajaiona.

Safari ya pili nililindwa kama mfungwa. Pélagie alilala mkeka mlangoni kwangu, akaficha mawese, akaficha mafuta ya taa, akaficha hata kopo la grisi ya baiskeli. Nilimwambia sikuwa na nia ya kunywa grisi ya baiskeli. Akasema hata mawese hakuna aliyedhani. Asubuhi alinipeleka mpaka kwa Mama Émérence akanikabidhi kwake kwa mkono, na wale wanawake wawili wakatazamana kwa namna ambayo sikuipenda. Mama Émérence alinifungua mdomo, akanusa. Nilisukutua chumvi mbele yake, nikatema mbele yake. Akanipa mkono akasema nifikirie jambo zuri. Nilikuwa bado nachagua nilipoamka.

Kitu cha kwanza nilichotaka ni kujaribu sauti. Mdomo ulishafunguka. Kidole chake kikawa kimeshafika, kizito, juu ya midomo yangu.

"Bado," alisema. Na kwa mkono wa pili akaweka mto mdogo juu ya tumbo langu. Alinieleza kwamba nikitaka kukohoa niukumbatie mto kwa nguvu, na kwamba lazima nivute pumzi ndefu kila mara, mapafu yasilale. Maneno ya mto sikuyatilia maanani. Tumbo lilikuwa kazi ya daktari. Mimi nilikuwa naliangalia koo langu. Nilimeza mate. Lilikwaruza kidogo tu, kama baada ya kula samaki mkavu wa moto. Nikamwangalia Mama Émérence kwa shukrani, yeye alikuwa ameshaondoka na mpira wake kwenda kuuosha.

Nikanyamaza. Nasema hivyo kwa neno moja, lakini wanaonifahamu wanaelewa. Mimi nimezungumza na watu kutoka Kabalo mpaka Kigoma, nimezungumza na ng'ombe wa Pepa, na pasipokuwa na watu wala ng'ombe nimezungumza na boila ya meli. Sasa kitanda cha pili alilazwa mfanyabiashara mmoja wa samaki, Casimir, mguu umevunjika, mdomo mzima. Huyo alisimulia wodi nzima habari za ziwa, na zote zilikuwa uongo. Alisema meli ya Liemba ilijengwa na Wagiriki. Mimi nimepaka grisi ndani ya Liemba. Niliuma shuka. Akasema kutoka Kigoma ukiwa na upepo mzuri unaona taa za Kalemie. Nikageukia ukuta. Wagonjwa wakamsifu kwamba ni mtu aliyetembea sana, wakanionyesha mimi kwa kidevu, wakasema yule mzee maskini inaonekana hajawahi kutoka kwao.

Florentine alikuwa analeta uji. Alininywesha kwa kijiko, na kwa kuwa mimi sikuweza kusema, alisema yeye. Habari za viti, za kitambaa, za shangazi aliyegombana na mshonaji. Siku moja, akikoroga uji upoe, alisema kwamba shuleni wenzake walipokuwa wakiuliza baba yako yuko wapi, alikuwa anataja mji wowote ambao meli ya wiki hiyo ilikuwa inakwenda. Kwa hiyo nilikuwa Moba, nilikuwa Uvira, nilikuwa Kigoma. Mara nyingine, alisema, nilikuwa nabadilisha mji kabla ya kengele ya kuingia darasani.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, mazuri, yenye mifano, na moja lilikuwa na kichekesho ndani yake. Lakini Mama Émérence alikuwa amefunga mdomo wangu, nikameza uji. Florentine alinifuta kidevu.

"Papa, ukinyamaza unakuwa muntu muzuri," alisema.

Ijumaa, Mama Émérence alinijaribu. Aliniambia niseme jina langu, polepole, bila kulazimisha. Nikasema Bonaventure, lile lililokatazwa. Likatoka safi, jepesi, kama sauti ya kijana. Hata Casimir aligeuka. Nilimwambia Mama Émérence kwamba kwenye meli ningemfanya fundi mkuu. Aliniruhusu kwenda kwenye mahari nusu siku, nirudi kitandani jioni, nisiinue kitu, nisicheze, na mto niende nao.

Jumamosi nilikaa kwenye kiti chenye mikono uwanjani kwa Pélagie, chini ya turubai, abakosti imefungwa juu na haikufungika chini kwa sababu ya bandeji, mto mapajani. Michel alikaa nyuma yangu, karibu mno. Watu wa Kabimba walishuka kwenye lori lao wakiwa na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, wakaweka chini vitenge, mablanketi, jembe, mbuzi. Papa Valère alisema sana. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya mashine ya kuvunja mawe, na alipomaliza kusifu ukoo wake aligeuka akanitazama mimi, kisha mto.

"Tulisikia baba ya mutoto alikufa," alisema. "Leo tunaona muntu ameketi na muto kama anataka kulala. Sisi hatukatai. Tunataka tu kusikia kama anasema."

Watu walicheka, hata wa kwetu. Mimi nilitabasamu. Nilikuwa na koo ambalo halikuwa na mfano katika mkoa mzima.

Basile akampa Florentine kikombe. Alikuja nacho akiangalia kisimwagike, akapiga magoti mbele yangu. Uwanja ukanyamaza, hadi mbuzi. Nikainua kichwa, nikavuta pumzi ya kufika barabarani, na pumzi ilipofika chini, kwenye nyuzi za daktari, ikakutana na kisu.

Kilichotoka kilikuwa sauti safi kabisa, na ndogo kabisa. Tunywe, nilisema, kama mtu anayemwita kifaranga. Florentine alisikia. Mto ulisikia.

"Hatukusikia," alisema Papa Valère.

Nilijaribu tena. Ikawa mbaya zaidi, jasho likanitoka, nikaukumbatia mto, na hapo ndipo nilipoelewa, mbele ya wakwe, kile ambacho mpaka-grisi yeyote angekwambia siku yake ya kwanza kazini: honi ya meli haipigwi na bomba. Inapigwa na mvuke, na mvuke unatoka chini, tumboni mwa meli. Mimi nilikuwa nimelilinda bomba kwa chumvi, kwa kunyamaza, kwa kikombe kizima cha mawese, halafu nimekuja na boila iliyoshonwa kwa uzi.

Nyuma yangu kiti kililia. Michel alikuwa amesimama. Nilisikia anafunga kola.

Florentine hakugeuka. Alikuwa bado ameinama, kikombe mikononi, na bi harusi kwetu hasemi kabla hajaulizwa. Alisema kwa sauti iliyofika barabarani.

"Ba Papa wa Kabimba, asiyesikia asogee karibu."

Nilidhani wataondoka. Papa Valère alimtazama, akanitazama, akamtazama Michel aliyesimama na kola yake. Kisha akajipangusa vumbi kwenye mikono, akaja. Alipoona hatasikia akiwa amesimama, akainama, mkono nyuma ya sikio. Wenzake nao hawakutaka kuambiwa baadaye, wakaja wote, wakainama wote, wazee wazima wa Kabimba wamenizunguka kama wanavyoizunguka mashine iliyozimika njiani kabla ya Nyunzu, kila mmoja akingoja isikike kitu. Upande wetu wakaona wakwe wameinama mbele ya baba wa binti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na Pélagie akapiga kigelegele kabla ya wakati wake.

"Tunywe?" nilimwuliza binti yangu. Polepole, bila kulazimisha.

Papa Valère alinyoosha mgongo. "Anasema," aliwatangazia watu. "Sauti yake nzuri, kama ya muntu wa radio. Shida njo batri."

Michel akakaa.

Sasa, nilikuwa nao wote pale, masikio yote ya Kabimba, karibu kiasi cha kuhesabu vinyweleo. Na nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa tangu Pepa, kuhusu njia na watu wanaozipita, na mahali pa kueleza kwa nini baba anaweza kuchelewa. Tena nilikuwa nimenyamaza tangu Jumatatu.

"Ndugu zangu," nilianza, "mwaka ule nilipokuwa Mpulungu—"

"Kunywa, Papa," alisema Florentine. "Kunyweni wote." Na akanibandika kikombe mdomoni, akakiinua, akakishikilia hapo kwa mkono wake mpaka kikaisha.

Sikuwa na la kufanya zaidi ya kumeza. Ngoma ilikuwa imeshaanza. Munkoyo ilikuwa baridi, tamu, na koo halikuuma hata kidogo. Ilishuka yote bila kugusa popote.